Moyo umekauka, nyumbani hakuna amani, na bado naongoza maombi: nifanyeje?

"Mchungaji, shalom. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka tangu nikiwa binti, sasa ni zaidi ya miaka 15. Zamani nilikuwa naomba machozi yananitoka, nasoma Neno mpaka usiku wa manane sichoki. Siku hizi nikipiga magoti naona kama naongea na ukuta. Nafundisha kwaya, naongoza maombi ya akina mama na niko kwenye kamati mbili, kwa wiki naenda kanisani siku nne hadi tano. Mume wangu anakuja ibada ya Jumapili tu na sasa hivi analalamika kwamba nimeolewa na kanisa. Mtoto wangu mkubwa ana miaka 14, amegoma kabisa kwenda kanisani, anasema amechoka. Dada mmoja wa maombi kaniambia hii ni roho ya ukavu, imeingia kupitia mume wangu, nifunge siku 21 na nihudhurie mkesha kila Ijumaa mpaka nifunguliwe. Nimeanza kufunga lakini nazidi kuchoka, na juzi nimempiga mtoto kwa hasira mpaka mwenyewe nikaogopa. Je, Mungu ameniacha? Nifanye nini nirudi kama mwanzo? Na niendelee kuongoza maombi wakati mimi mwenyewe siombi?"

Shalom dada yangu. Pole sana. Mungu hajakuacha, nakwambia hilo kabla ya jambo lingine lolote. La pili, leo kula. Hiyo funga isimamishe kwanza, hakuna laana itakayokupata kwa kuisimamisha, sababu nitakupa huko mbele.

Umeniandikia kama mtu mwenye shida tatu, moyo mkavu, mume analalamika, mtoto amegoma. Mimi nikisoma barua yako naona ni jambo moja limejitokeza sehemu tatu, na hiyo siku ya kumpiga mtoto ndo limefika juu kabisa. Umechoka, na watu waliokuwa karibu yako kuliko wote ndo wameanza kuona kabla yako.

Tuanze na huo ukavu maana ndo unaokutisha. Kuna mafundisho yamezagaa kwamba mtu akikosa kusikia kitu kwenye maombi basi ana dhambi iliyofichika au kuna roho imeingia. Dhambi inaweza kuleta ukavu, ndio, Daudi baada ya kuzini na Bathsheba, mke wa mtu, aliomba "unirudishie furaha ya wokovu wako", kwa hiyo ilikuwa imeondoka kweli. Lakini sio kila ukavu ni wa namna hiyo. Soma Zaburi ya 42, yule anayesema machozi yake yamekuwa chakula chake mchana na usiku hajatajiwa kosa lolote, ana kiu tu. Alafu soma ya 88, ile ndo inashangaza zaidi, maana zaburi nyingi za kilio mwishoni zinageuka zinakuwa sifa lakini hii inaanza na kilio na kuishia gizani, na Mungu akaona vyema ikae kwenye Biblia watu wake waiombe. Hata Mama Teresa wa Calcutta, yule mtawa wa Kikatoliki, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, watu walishtuka kukuta kwamba karibu miaka 50 alikuwa anaomba bila kumsikia Mungu moyoni, na miaka yote hiyo alikuwa anaamka kuomba na kuhudumia wanaokufa. Sisemi na wewe utakaa hivyo miaka 50! Ninachosema ni kwamba kutosikia na kuachwa ni vitu viwili tofauti, na wewe unayelia kwa kumkosa Mungu unaonyesha bado unampenda.

Sasa kwa nini moto wa mwanzo unapungua? Sehemu ni kawaida tu ya binadamu. Mtu akiokoka kila kitu ni kipya, kila mstari wa Biblia ni kama umeandikwa usiku ule kwa ajili yake, na moyo unaruka. Mwili na akili havikuumbwa kukaa kwenye kilele kile miaka 15 mfululizo, hata ndoa haikai siku ya harusi, upendo unabadilika sura unakuwa wa kuvumiliana na kutunzana. Kwa hiyo ukiutafuta ule msisimko wenyewe utautafuta mpaka uzeeke, na kila ukiukosa utajihukumu.

Ila kuna sehemu nyingine sio kawaida, na hii ndo naiona sana kwa watumishi. Mtu anaanza na maombi ya chumbani, yanamjaza, kanisa linaona ana kitu, anapewa huduma. Huduma inaongezeka. Siku moja ni Jumamosi usiku, kafungua Biblia kuandaa somo la akina mama, anasoma mstari mzuri kabisa wa kumfariji yeye mwenyewe aliyechoka, lakini hata hajaumaliza kichwa kishaanza kupanga, hapa nitasimama, hapa nitawauliza swali, hapa nitawaambia wamwambie jirani. Mstari unapita kwenda kwa watu, yeye haujamgusa. Anaomba kwa sauti mbele ya watu na maombi yanatoka vizuri maana maneno ameyazoea, hivyo hakuna anayegundua kwamba maombi ya chumbani yalishakufa miezi mingi iliyopita. Yeye mwenyewe anachelewa kugundua. Anagundua siku anapiga magoti peke yake anakosa la kusema. Niambie kama hujajiona hapo.

Na kuna mwili. Dada yangu, siku tano kanisani, watoto watatu, nyumba, mume, alafu juu yake funga ya siku 21 na mkesha kila wiki, nani atasimama? Mwangalie Eliya kwenye 1 Wafalme 19. Katoka kushusha moto mlimani Karmeli, malkia Yezebeli anatuma neno moja la vitisho, huyo kakimbia mpaka jangwani, kakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Nabii yule! Mungu hakumkemea pepo, hakumwambia afunge, hakumuuliza dhambi. Akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, Eliya akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akamgusa akamwambia "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Kalala mara mbili na kula mara mbili kabla Mungu hajaanza naye mazungumzo ya kiroho. Alipofika mlima Horebu, upepo na moto vikapita, na kuisikia ile sauti ndogo ya utulivu tayari alikuwa na nguvu za kusikiliza. Watu wengi tunahubiri upepo na moto na ile sauti, mkate tunauruka.

Kwa hiyo ushauri wa huyo dada wa maombi naupinga, na naupinga kwa upendo maana najua alitaka kukusaidia. Mtu aliyechoka ukimwongezea kazi za kiroho unamzamisha. Na lile la kusema roho imeingia kupitia mume wako ndo la hatari zaidi, kwa sababu ukishaliamini utaanza kumwangalia mume wako kama mlango wa shetani, utamwombea kama adui, na yeye atahisi hata usipomwambia. Mimi naamini vita vya kiroho vipo, nafundisha hivyo na sitaacha. Lakini Waefeso 6 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, sasa mume wako si damu na nyama huyo? Na uangalie mpangilio wa Paulo: kabla hajafika kwenye silaha za Mungu, kaanza na mke na mume sura ya 5, akaja watoto na wazazi mwanzoni mwa sura ya 6, silaha zimekuja baadaye. Kwangu mimi anayevaa silaha huku nyumba hajaitengeneza karuka mistari mingi.

Hebu sikiliza tena alichosema mume wako, kwamba umeolewa na kanisa. Umelisikia kama pingamizi la huduma. Mimi nimelisikia kama mtu aliyemkosa mke wake. Mwanaume asiyejali hasemi hivyo, anatafuta pa kwenda na maisha yanaendelea. Sijui kama ulimuuliza kabla ya kuanza hizo siku 21, lakini 1 Wakorintho 7:5 inataka wanandoa wakijitenga kwa ajili ya kuomba iwe kwa kupatana na iwe kwa muda, yaani hata maombi Paulo aliyawekea utaratibu yasije yakavunja nyumba. Na Bwana wetu kwenye Marko 7 aliwakemea watu waliokuwa wanasema mali yangu ni Korbani, nimeshaiweka wakfu kwa Mungu, ili tu wasiwasaidie baba na mama zao. Walitumia Mungu kuwakwepa watu wao. Najua wewe hukukusudia hivyo hata kidogo, lakini nyumbani matokeo yanaweza kufanana.

Uliuliza ufanye nini urudi kama mwanzo. Kanisa la Efeso kwenye Ufunuo 2 lilikuwa na swali lako hilohilo bila kujua. Lilikuwa kanisa la kazi, Bwana mwenyewe analisifu kwa matendo yake, taabu yake na subira yake, alafu anasema lina kasoro, limeuacha upendo wa kwanza. Dawa aliyotoa ni "kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Kaagiza matendo, machozi na msisimko hakuyataja. Hilo limenisaidia mimi na watu wengi niliokaa nao, kwa sababu hisia huwezi kuziamuru lakini tendo unaweza kulifanya leo ukiwa mkavu hivyohivyo.

Na matendo ya kwanza mara nyingi yako nyumbani. Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari mmishenari Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi Gahini kule Rwanda, walikutana Namirembe pale Kampala wote wawili wakiwa na njaa ya Mungu, wakakaa kusoma Maandiko na kuomba pamoja. Moto uliotoka pale ukasambaa nchi nyingi. Lakini ukisikiliza shuhuda za wale ndugu, uamsho haukujulikana kwa kelele za mkutano. Ulijulikana kwa mtu kurudisha alichoiba, mzungu kumwomba msamaha mwafrika, mume kumwambia mke wake nimekukosea. Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Mpaka majirani wasiookoka wakakubali kwamba kweli kuna kitu kimetokea.

Basi anza na huyo mtoto uliyempiga. Mtafute akiwa peke yake, usimwite mbele ya wadogo zake. Mwambie: juzi nilikupiga kwa hasira, nilikosea, haikuwa haki yako kupigwa vile, naomba unisamehe. Ukimaliza hapo nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe ulinijibu vibaya", maana neno lakini linafuta msamaha wote, na usimalizie kwa kumkaribisha kanisani, ataona ulikuwa unatafuta njia ya kumrudisha. Anaweza asikujibu kitu, ana miaka 14, anaweza kuangalia pembeni aseme sawa tu. Muache. Alichokisikia hakitamtoka, mtoto aliyewahi kuona mzazi anatubu amejifunza Injili kuliko mahubiri mengi aliyokaa kwenye benchi kuyasikiliza.

Kuhusu kugoma kwake kanisa, wachungaji hatukubaliani wote hapa na nitakwambia ukweli wa kila upande. Wapo wanaosema maadamu anakula nyumbani kwako ataenda tu, na wana hoja, familia ina utaratibu wake na mtoto haachiwi kila kitu aamue. Shida yake ni kwamba unaweza kuupata mwili wake kwenye benchi na ukaupoteza moyo wake, akasubiri siku ya kuondoka nyumbani asikanyage tena. Wengine wanasema muache, atarudi mwenyewe. Wapo wanaorudi na wapo wasiorudi, na kumuacha kabisa anaweza kukutafsiri kwamba hujali. Mimi ningeenda katikati: kaa na mume wako mkubaliane kuhusu ibada ya Jumapili kama familia, iwe sauti ya wote wawili, lakini mengine yote, mazoezi, mikesha, semina, mfungulie kabisa. Huyo mtoto amekua kanisani siku nne kwa wiki kwa sababu ya ratiba yako, anaposema amechoka inawezekana hamkatai Mungu, amechoka kweli.

Ila kabla ya kuamua chochote muulize taratibu kwa nini, na uwe tayari kusikia usichokipenda. Wakati mwingine nyuma ya "nimechoka" kuna maswali ya imani ambayo anaogopa utayaita uasi. Wakati mwingine kuna wenzake wanamdhihaki. Na wakati mwingine, nasema hili kwa uchungu, kuna mtu mzima pale kanisani amemfanyia au anamfanyia kitu kibaya. Akikwambia kitu cha namna hiyo mwamini, usimrudishe pale hata siku moja, na upeleke jambo kwenye vyombo vya sheria. Lisimalizwe kwa kikao cha wazee wa kanisa.

Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley wa Uingereza, wale walioanzisha Umethodisti, alizaa watoto 19 na waliokua ni kumi. Nyumba imejaa, pesa hakuna, mume mara yupo mara hayupo. Katika barua aliyomwandikia mume wake mwaka 1712 alieleza kwamba kila jioni alikuwa anakaa na mtoto mmoja mmoja peke yake, kila mtoto na siku yake, John yeye alikuwa na Alhamisi. John akishakuwa mtu mzima aliwahi kumwandikia mama yake akikumbuka Alhamisi zile na kutamani bado azipate. Nakuomba mpe huyu mkubwa wako jioni moja ya wiki. Muda huo usiwe wa Biblia kwa lazima, uwe wake, simu iwe mbali. Na sikuahidi kwamba atarudi kanisani kwa sababu hiyo. Wana wa Samweli hawakufuata njia za baba yao, na Samweli alikuwa mtu wa Mungu, kwa hiyo usibebe mzigo wa kuamua moyo wa mtu mwingine hata kama umemzaa.

Kwa mume ni hivyohivyo, mwambie nimekuacha peke yako muda mrefu, nisamehe, alafu muulize ni siku gani angependa uwe nyumbani. Jibu lake lipokee lilivyo, hata akitaja siku ya mazoezi ya kwaya.

Maombi yako binafsi yaanze kidogo sana. Dakika kumi, asubuhi au usiku, vile nyumba yako inavyoruhusu. Zaburi moja kwa sauti ya chini, polepole, mstari ukikugusa kaa hapo, usipokugusa endelea. Mwiko ni mmoja tu, usichukue chochote kutoka kwenye dakika hizo ukakifundishe. Ni chakula chako. Na ukikosa maneno mwambie Mungu "sisikii kitu leo", hilo nalo ni ombi, Daudi aliomba makali kuliko hilo.

Kufunga ni kuzuri na kuna siku utarudia. Lakini soma Isaya 58, watu walikuwa wanafunga na huku wanagombana na kupiga ngumi, Mungu akawaambia funga anayoitaka, na mwishoni mwa mstari wa 7 kuna maneno haya: "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe." Wewe juzi umefunga na umepiga. Ndo maana nikakwambia simamisha. Na siku ukirudi kufunga, kama unanyonyesha, una kisukari, vidonda vya tumbo au dawa za kila siku, muulize daktari kwanza.

Hapo kwenye daktari nisimame kidogo, maana mimi ni mchungaji na kuna mahali maneno yangu hayafiki. Kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku unajisikia huzuni au utupu, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipandi, hufurahii chochote, unajiona huna thamani, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo navyo vinaweza kumchosha mtu mpaka adhani ni roho imekauka, kipimo cha damu kinaonyesha. Kumeza dawa hakupunguzi imani, Paulo alisafiri na Luka tabibu na akamshauri Timotheo kuhusu tumbo lake. Kama umeshaanza kuwaza kufa au kujidhuru, usisubiri, mwambie mtu leo na ufike hospitali leo. Kama hasira inakupeleka tena kumpiga mtoto, toka hapo ulipo, mkabidhi mtoto kwa mtu mzima unayemwamini na umtafute mshauri nasaha wa ana kwa ana. Na kama nyumbani mwako kuna kipigo ambacho hukuniandikia, mume anakupiga au anakutishia, basi yale niliyosema ya kukaa nyumbani na kuomba msamaha yaache kwanza, tafuta usalama wako na wa watoto kabla ya mapatano.

Sasa swali lako la mwisho, la kuongoza maombi. Kuna anayesema endelea tu, Mungu anatumia hata chombo kilichochoka, na ni kweli anatumia. Kuna anayesema acha vyote. Mimi nakushauri uombe likizo ya miezi mitatu kwenye kamati zote mbili na uongozi wa maombi, na kwaya ukae ukiwa mwimbaji wa kawaida kama bado kunakupa furaha, kama hakukupi nako pumzika. Ibada ya Jumapili usiache, kaa benchi moja na mume wako, wewe nawe uhubiriwe. Yesu aliwaambia wanafunzi waliorudi kutoka huduma, watu wakiwa bado wamejaa wanakuja na kutoka, njoni mpumzike kidogo. Umati haukuwa umeisha shida ndo wakapumzika.

Nenda kwa mchungaji wako umweleze waziwazi, huna haja ya kutaja roho wala dada wa maombi, mwambie umechoka, nyumba yako inakuhitaji, unaomba muda. Mchungaji mwenye moyo atakuombea na kukuruhusu. Akikwambia unaikimbia madhabahu au utapoteza upako, msikilize kwa heshima na bado uende nyumbani, hao watoto uliwapewa na Mungu huyohuyo. Ila kabla hujafika kwake, ongea na mume wako kwanza. Asije akasikia kwa watu wa kwaya.